Geuza Vasi, Usome Kitako

Katika maduka ya chaguwa, yaani ya mitumba, ya Ohio, Marekani, vioo huwekwa nyuma kabisa, baada ya nguo, viatu na sahani. Kila kitu kimerundikwa humo bila kuchaguliwa: glasi za bia, chupa za viungo, vasi za maua zilizotolewa na mashine kwa maelfu. Katikati ya rundo hilo, mara mojamoja, kuna chombo kizito kuliko wenzake. Ukikigeuza unakuta kitakoni maandishi madogo yaliyochorwa kwa ncha kali: jina la mtu na mwaka. Mwenye duka amekibandika dola tatu. Anayejua kusoma kitako anajua kwamba ameshika kazi ya fundi mmoja, aliyoipuliza mwenyewe mbele ya tanuri lake miaka hamsini iliyopita.

Vyombo hivyo ndivyo ninavyokusanya. Mimi ni mtu wa Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo. Mama ni wa Masisi, kwenye milima ya ng'ombe na jibini; baba alitoka Walikale, msituni. Nilifika Marekani kwa mpango wa wakimbizi, baada ya miaka ya kambini Nakivale, Uganda, na sasa nafanya kazi ya usiku katika ghala. Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, aliyebaki Goma hunitania kwa simu: "Bado unaokota chupa?" Namwambia si chupa, yaya, ni vioo vya sanaa. Hujibu papo hapo: "Chupa ya bei ni chupa tu. Tuma pesa ya minerval ya watoto." Minerval, yaani ada ya shule, huitangulia vasi kila mwezi, hilo yeye mwenyewe analijua. Ila swali lake ni la haki, na wasomaji wengi watakuwa nalo: kuna nini katika chombo kisichotiwa maji wala maua, hata mtu akitafute?

Banda la Toledo

Kwa karne nyingi kioo kilikuwa kazi ya kiwanda. Tanuri lilikuwa kubwa, na kulizunguka kulikuwa na kikosi kizima: mmoja anachota, wa pili anapuliza, wa tatu anakata mdomo, kijana anakimbiza chombo kwenye chumba cha kupozea. Msanii, kama alikuwepo, alikaa ofisini akichora kwenye karatasi. Moto hakuugusa. Wenye viwanda waliamini kwamba mtu mmoja hawezi kuyeyusha kioo na kukipuliza katika karakana yake mwenyewe.

Aliyelikataa wazo hilo kwa vitendo ni Harvey Littleton, mwalimu wa ufinyanzi katika Chuo Kikuu cha Wisconsin. Alizaliwa mwaka 1922 huko Corning, New York, mji ulioishi kwa vioo. Baba yake, Jesse Littleton, alikuwa mwanafizikia wa kiwanda cha Corning, na mama yake ndiye aliyeoka keki katika kipande cha chombo cha kioo cha betri, jaribio lililofungua njia ya vyombo vya Pyrex. Mtoto aliyekulia nyumba ile hakuona kioo kuwa kitu cha miujiza. Aliuliza tu kwa nini mfinyanzi awe na tanuri lake nyumbani, na mtu wa kioo asiwe nalo.

Machi 1962 Makumbusho ya Sanaa ya Toledo, Ohio, yalimpa banda dogo uwanjani kwake. Mji haukuchaguliwa ovyo. Edward Drummond Libbey alihamishia kiwanda chake Toledo mwaka 1888, na hadi leo watu huuita Mji wa Vioo. Littleton akajenga tanuri dogo, akaita wafinyanzi wachache, wakawasha moto. Mchanganyiko wa kwanza ukawagomea.

Hapo akaingia Dominick Labino, mtafiti wa kampuni ya Johns Manville. Kiwandani kwake kulikuwa na gololi za kioo, namba 475, zilizotengenezwa ili ziyeyushwe na kuvutwa kuwa nyuzi. Gololi hizo ziliyeyuka kwa urahisi zaidi, akawaletea. Sasa kioo kikawa tayari, lakini hakuna aliyejua kukipuliza vizuri. Mzee Harvey Leafgreen, mpulizaji mstaafu wa kiwanda cha Libbey, akashika bomba na kuwaonyesha. Kwa hiyo mwalimu wa ufinyanzi, mtafiti na mstaafu wa kiwandani, kila mmoja alikuwa na kipande cha elimu ambacho wenzake hawakuwa nacho. Juni mwaka huohuo wakafanya mafunzo ya pili, na jambo likawa limeshika mizizi.

Littleton akaanzisha somo la kioo Wisconsin, na wanafunzi wake wakalipeleka mbali. Marvin Lipofsky alilifikisha Berkeley, California, mwaka 1964. Dale Chihuly, ambaye leo ndiye anayejulikana kuliko wote, alipita Wisconsin, akaenda kuwatazama mafundi wa Murano karibu na Venice, Italia, kisha mwaka 1971 akashiriki kuanzisha shule ya Pilchuck katika jimbo la Washington. Vijana wengine hawakutafuta vyuo wala makumbusho. Walijenga matanuri nyuma ya nyumba zao, wakapuliza vasi na vizito vya karatasi, wakaviuza kwenye maonyesho ya mitaani. Kazi za miaka hiyo, kuanzia 1962 mpaka miaka ya 1980 hivi, ndizo wakusanyaji wanazoziita za zamani, na ndizo zinazoishia kwenye rafu za chaguwa pale mwenyewe anapofariki na watoto kukosa nafasi ya vitu vya wazazi.

Mbele ya moto

Makumbusho ya Toledo hayatozi kiingilio. Yana jengo la pekee la vioo, lililofunguliwa mwaka 2006, ambalo hata kuta zake nyingi ni za kioo, na ndani yake mafundi hufanya kazi mbele ya watazamaji. Siku niliyoenda, fundi alikuwa mama wa makamo, mikono mitupu hadi kwenye viwiko, na kijana mmoja wa kumsaidia.

Alitia bomba refu la chuma katika tanuri lenye joto la nyuzi zaidi ya 1,100 za Selsiasi, akalizungusha, akalitoa. Kioo kilichoyeyuka kilikuwa kimelikamata bomba kama bugali wa mihogo unavyokamata mwiko, chekundu-manjano, kikitaka kudondoka. Hakukiacha kidondoke, maana hakuacha kuzungusha. Kuanzia hapo mpaka mwisho bomba lile halikusimama hata alipokuwa anaongea nasi. Kioo cha moto hufuata mvuto wa ardhi, na fundi anayesahau kuzungusha hupata chombo kilichopinda.

Akakibingirisha juu ya meza ya chuma, akapuliza pumzi fupi, akaziba tundu kwa kidole gumba. Hewa iliyonaswa ndani ikapata joto, ikapanuka yenyewe, na puto likatokea katikati ya donge. Kisha akaketi kwenye benchi lenye mikono miwili mirefu ya chuma, bomba likibingirika juu yake, akashika rundo la magazeti yaliyoloweshwa maji kwenye kiganja, akafinyanga. Magazeti yalitoa moshi na harufu ya jikoni kwa kuni. Kati ya kiganja chake na kitu kilichotoka kwenye joto la kuyeyusha shaba palikuwa na karatasi na maji tu.

Kila mara chombo kilipoanza kupoa na kugoma, alikirudisha kwenye tanuri la pili kukipasha. Mwishoni kijana alileta fimbo nyingine yenye tone la kioo cha moto, akaibandika kwenye kitako. Mama akakata shingo upande wa bomba, akaitia tone la maji, akagonga mara moja, na chombo kikahamia kwenye fimbo ya kijana kikiwa na mdomo wazi. Wakaupasha mdomo, wakaupanua. Hatimaye wakakigonga fimboni kikaanguka kwenye glavu nene, na kikaenda kwenye kabati la joto la nyuzi karibu 500, kipozwe polepole usiku kucha.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayoamua maisha ya chombo. Kioo kikipoa haraka, ngozi ya nje hukaza wakati moyo bado ni wa moto, na mvutano hubaki ndani bila kuonekana. Kinaweza kupasuka kesho, kinaweza kupasuka baada ya miaka ishirini, usiku, bila kuguswa na mtu. Baadhi ya kazi za mwanzo za miaka ya 1960 zina ugonjwa huo, kwa sababu waliozitengeneza walikuwa bado wanajifunza.

Kusoma kitako

Sasa nieleze ninavyochagua, maana mtu akiuelewa moto ataielewa na rafu.

Kwanza nakigeuza chombo. Mahali fimbo ilipobandikwa hubaki kovu, ama kali la kukwaruza kidole, ama lililosagwa likawa kishimo laini. Kovu hilo ni dalili kwamba kilishikwa kwa fimbo na mkono. Chombo cha mashine mara nyingi kina mshono mwembamba wa kalibu unaopanda ubavuni, na kitako chake hakina kovu.

Pili natafuta saini. Wengi walichora jina na mwaka. Labino alikuwa na desturi ya kuandika jina, mwezi na mwaka, hivyo kazi yake unaweza kuipanga kwa tarehe. Lakini saini peke yake haitoshi. Yeyote mwenye kalamu ya umeme ya kuchorea anaweza kuandika jina la mtu mashuhuri jioni ya leo. Kwa hiyo natazama mikwaruzo. Chombo kilichokaa mezani miaka hamsini kimesukumwa huku na huko, na kitako chake kina mikwaruzo midogo inayokwenda kila upande, pale tu kinapogusa meza. Saini ya kweli imezeeka pamoja na mikwaruzo hiyo. Ile ya jana bado ni nyeupe, na ukiisugua kidole kinashika vumbi.

Tatu nakipitisha kwenye mwanga, nikitafuta nyufa na ukungu. Ukungu mweupe ndani ya vasi maana yake mtu aliacha maji humo muda mrefu, na maji yamekula uso wa kioo. Hautoki kwa sabuni. Halafu napitisha ukucha kwenye mdomo wote, kwa sababu kipande kidogo kilichoruka huwa hakionekani kwa jicho. Mdomo uliosagwa ukawa bapa, wakati vingine vya aina yake vina mdomo wa mviringo, umesagwa kuficha jeraha.

Mwisho natoa tochi ya urujuanimno. Vioo vya zamani vilivyotiwa urani kwa ajili ya rangi hung'aa kijani kikali gizani. Vyenye manganisi hung'aa kijani hafifu. Wenye duka wamezoea kuniona nimejifunika koti kichwani nikimulika bakuli.

Rangi zinatoka wapi

Hapo kwenye tochi ndipo mkusanyaji wa Kivu anapoachana na wenzake. Kabla ya vita vikuu vya pili, mgodi uliotawala soko la urani duniani ni Shinkolobwe, Katanga, uleule uliotoa sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima. Mwaka 1943 serikali ya Marekani ilizuia urani isitumike kwa vyombo vya nyumbani, na haikulegeza zuio hilo mpaka 1958. Ninapomulika bakuli la miaka ya 1930 likaitika kwa kijani, siwezi kuapa kwamba urani yake ilichimbwa kwetu, lakini Shinkolobwe ndiyo ninayoifikiria kwanza.

Kobalti ni wazi zaidi. Chembe ndogo tu hukifanya kioo cha tanuri zima kuwa bluu nzito, na katika miaka ya 1970 Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilikuwa muuzaji mkuu wa kobalti duniani. Waasi walipoingia mji wa migodi wa Kolwezi Mei 1978, bei yake iliruka dunia nzima. Kwa hiyo vasi ya bluu ya wakati ule, iliyopulizwa na kijana wa California asiyejua Kolwezi iko wapi, ina uwezekano mkubwa wa kuwa na chembe ya Kongo ndani yake.

Lakini ninayoyapenda kuliko yote ni mambo ya bati, na hapa namaanisha madini yenyewe, yanayotokana na kasiterite, si mabati ya kuezekea. Kuna vasi zenye mng'ao unaobadilika kila ukizigeuza: dhahabu, kisha zambarau, kisha bluu ya shingo ya njiwa. Louis Comfort Tiffany alizipa sifa mwishoni mwa karne ya 19, Frederick Carder akazifanya Corning kuanzia 1904, na vijana wa miaka ya 1970 wakazifufua: Lundberg Studios pwani ya California, Orient & Flume mjini Chico, Charles Lotton huko Illinois. Siri yake ni kwamba chombo kikiwa bado cha moto, hupuliziwa mvuke wa chumvi ya bati. Mvuke ukigusa kioo huacha utando mwembamba sana, na utando huo ndio unaouvunja mwanga kuwa rangi. Ile nyekundu ya damu inayoitwa rubi hupatikana kwa dhahabu kidogo mno, na bati ni msaidizi wake wa tangu karne ya 17. Hata kioo cha dirisha lako kimepita juu ya bati: tangu Alastair Pilkington alipotangaza mbinu yake Uingereza mwaka 1959, vioo vya madirisha humwagwa vikaelea juu ya ziwa la bati iliyoyeyuka, na ndiyo maana viko sawasawa pande zote mbili. Na lenzi nzuri ya kamera huweza kuwa na tantali, madini yanayotoka kwenye koltani. Koltani ndiyo Rubaya, na Rubaya ndiyo Masisi.

Sidai kwamba vasi zangu zilipuliziwa bati ya Walikale. Miaka ile bati ya dunia ilitoka zaidi Malaysia, Bolivia, Indonesia na Thailand, na Kivu ilikuwa na sehemu ndogo kupitia kampuni ya SOMINKI, iliyoundwa mwaka 1976. Nadai jambo dogo zaidi: mtu aliyekulia kati ya Masisi na Walikale ameiona bati ikiwa bado ni jiwe jeusi zito mgongoni mwa mtu.

Mjomba wangu alikuwa mmoja wa waliobeba. Oktoba 1985 baraza la kimataifa lililokuwa linashikilia bei ya bati liliishiwa fedha, bei ikaporomoka, SOMINKI ikaanza kufa, na machimbo ya Kivu na Maniema yakabaki mikononi mwa wachimbaji wa nyundo na tindo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikagunduliwa Bisie, mlima katikati ya msitu wa Walikale. Hapakuwa na barabara. Kasiterite ilitoka kwa migongo ya watu, gunia la kilo hamsini, kwa njia ya miguu ya matope mpaka Njingala, na kila penye kizuizi palikuwa na mwenye bunduki anayedai chake. Kutoka pale ilikwenda Kilambo, ambako ndege zilitua juu ya lami ya barabara kuu, magari yakisimamishwa kuzipisha. Mjomba alikuwa akibeba gunia kwa kamba ya kipaji cha uso, akiinama mpaka macho yanatazama visigino vya aliye mbele. Sasa Bisie ina mgodi wa kampuni wenye mitambo, uliofunguliwa 2019, miongoni mwa ile yenye bati nono kuliko yote duniani. Machi 2025 ulisimama kwa wiki kadhaa vita vilipofika Walikale.

Jina na tagi

Nilipomweleza mzee mmoja wa kanisa letu haya yote, alinisikiliza, akashika vasi yangu ya mng'ao, akaigeuza nilivyomfundisha, akasoma. Kisha akaniuliza, "Huyu aliandika jina lake. Wa Bisie aliandika wapi?"

Nikamweleza kuhusu tagi. Tangu miaka ya 2010, magunia ya madini katika machimbo yaliyokubaliwa hufungwa kitambulisho cha plastiki chenye namba, ili mnunuzi ajue yametoka shimo gani na hayakupita mikononi mwa wenye silaha. Mpango huo una upungufu wake, na watu wa Masisi wanajua jinsi tagi zinavyoweza kuuzwa na madini ya shimo moja kuvaa namba ya shimo jingine. Hata pale inapokuwa ya kweli, tagi husafiri hadi kwa myeyushaji tu. Pale madini ya milima kumi huchanganywa katika tanuri moja, na baada ya hapo bati ni bati. Mzee akasema, "Basi tagi ni ya gunia. Si ya mtu."

Hilo ndilo jibu langu kwa yaya na kwa wote wanaoniona naokota chupa. Watu wa Toledo walipigania jambo moja: kwamba kazi ya kioo iwe na mwenyewe. Kiwandani mpulizaji hakuwa na jina; walipomtoa kiwandani wakampa tanuri lake, akaanza kuandika jina kitakoni. Thamani ya vioo hivi sokoni leo inategemea jina hilo. Kinachofanana kwa rangi na uzito, bila saini, mara nyingi huuzwa kwa bei ya chini mno. Kwa hiyo ninajua, kwa hesabu ya dola na senti, jinsi kitu kinavyopanda bei mtu akikiri kwamba kimetengenezwa na fulani.

Na ninajua kwamba hesabu hiyo ilianzia njiani. Mpulizaji alipata jina; aliyechimba bati, kobalti na dhahabu alibaki pale mpulizaji alipokuwa kabla ya 1962. Ndiyo sababu katika daftari langu kila chombo kina mistari minne. Wa kwanza ni fundi, wa pili mwaka, wa tatu mahali. Wakusanyaji wote huandika hiyo. Wa nne ni wa kwangu: rangi yake ni madini gani, na wakati ule yalichimbwa wapi duniani. Mara nyingi mstari huo una nchi tatu au nne na neno "huenda". Hata hivyo nauandika.

Kwa anayetaka kuanza

Huhitaji kuwa Ohio. Karibu zaidi na kwetu, nje kidogo ya Nairobi, iko Kitengela, ambako Nani Croze, msanii mzaliwa wa Ujerumani, alianzisha karakana ya vioo vya rangi, na mwanawe Anselm Croze akajenga tanuri la kupuliza. Malighafi yao kubwa ni vioo vilivyotupwa, chupa na madirisha yaliyovunjika. Glasi zao nene zenye viputo ziko kwenye hoteli nyingi za Kenya. Anayeishi Goma, Kampala au Kigali na kupita Nairobi anaweza kuanza na glasi moja ya pale, akaigeuza, akatazama kovu.

Masharti ya kutunza ni machache. Osha kwa mkono, kwa maji ya uvuguvugu. Mashine ya kuoshea vyombo hukwangua mng'ao wa bati. Usitie maji ya moto katika chombo baridi. Usiache maji ndani. Usikiweke dirishani panapopigwa na jua mchana na baridi usiku. Na usishike vasi kwa mdomo hata mara moja, shika kitako na ubavu.

Watu wengine wa nyumbani huniuliza kama kitu hiki kingewezekana Goma. Nikiyapanga mahitaji, mengi yapo. Chupa za bia zilizovunjika hazina idadi. Umeme wa maji unatoka Matebe, Rutshuru, ingawa hautoshi kila mtu. Mafundi wa moto tunao: anayechomelea milango mtaani Birere na anayetengeneza chukudu, ile baiskeli ya mbao, kwa shoka hawana la kujifunza kuhusu ustadi wa mkono. Bati, dhahabu na kobalti ni za nchi yetu. Hata banda tunalo; la Toledo halikuwa kubwa.

Kinachokosekana nilikielewa siku ile nikimtazama yule mama akizungusha bomba. Nilimuuliza tanuri huzimwa saa ngapi. Akacheka, akasema halizimwi. Kioo kikigandia ndani ya chungu cha tanuri hukipasua, kwa hiyo moto huwaka mchana na usiku, miezi kwa miezi, hata siku ambayo hakuna anayepuliza, na lazima awepo mtu wa kuulinda. Masisi na Walikale, katika umri wangu wote, sijajua mwaka ambao mtu angeweza kuahidi hivyo: kwamba mwezi ujao, na ule mwingine, atakuwa bado yuko pale pale akilinda moto wake. Siku ahadi hiyo itakapowezekana, hayo mengine yote tunayo.